Waraka Huu Unauliza Nini?

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya uzalishaji na asasi ndogo, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa kikao, maafisa maendeleo ya jamii wa kata, viongozi wa vikundi na asasi, mama zangu na ndugu zangu nyote, itifaki imezingatiwa. Mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo, na feni za huku mbele ndizo zinazofanya kazi.

Nimepewa mada inayosema "Uandishi wa maandiko ya miradi". Nimewaomba waandaaji niigeuze kidogo, wamekubali. Kuandika tutakuja kuandika baadaye. Saa hii nataka tuzungumze kusoma. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, kwanza katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha kwenye kamati za kuchambua maombi ya ruzuku. Nilichokiona huko ni kwamba maombi mengi yanayoanguka hayaangushwi na Kiingereza kibovu wala wazo bovu. Yanaangushwa na mtu kujibu swali ambalo hakuulizwa. Tangazo la halmashauri, la ubalozi, la shirika au la ofisi ya ununuzi, kila moja lina swali lake kubwa ndani. Kile unachotakiwa kurudisha, uite andiko, fomu, barua au zabuni, ni jibu la swali hilo na si la jingine.

Nianze na fedha za jirani. Nikiuliza hapa ni nani amewahi kuomba mkopo wa halmashauri, mikono itanyanyuka mingi. Nikiuliza ni nani amesoma kanuni zake, nina wasiwasi tutabaki mimi na maafisa wa kata.

Fedha hizi zina sheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri ya Tanzania Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kanuni za utoaji zikatoka mwaka 2019. Halafu Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Jiulizeni kwa nini. Wahitaji hawakuwa wamekwisha. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeeleza mwaka hadi mwaka habari za vikundi vilivyochukua na havikurejesha, na vingine ambavyo mkaguzi akienda kuvitafuta havioni. Utaratibu ukafumuliwa, na mwaka 2024 mikopo ikarudi na uhakiki mkali zaidi.

Ukilijua hilo, umeshajua waraka wa maombi unauliza nini. Unauliza: nyinyi mpo kweli, na fedha ya kurejesha itatoka wapi? Katiba ya kikundi, cheti cha usajili, mihtasari ya vikao, orodha ya wanachama na namba zao za NIDA, akaunti ya benki, vyote hivyo ni nusu ya kwanza ya swali. Nusu ya pili ni andiko la biashara. Sasa mama zangu, msinielewe vibaya, lakini maandiko mengi ya mikopo ninayoyasoma yanaanza hivi: "Sisi ni wajane na wanawake wenye hali ngumu ya maisha, tunaomba mtusaidie." Ni kweli, na inauma. Ila afisa anayesoma anatafuta kitu kingine. Anatafuta mtafuga kuku wangapi, kifaranga mnanunua bei gani na kwa nani, chakula mifuko mingapi mpaka siku ya kuuza, mnamuuzia nani, na wangapi mnategemea watakufa. Hilo la mwisho mimi hulitazama kwanza. Andiko lenye kuku 500 walioingia na kuku 500 waliouzwa limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufuga.

Na mara nyingi ni kweli hajawahi kufuga, kwa sababu ameliandika kijana wa stesheneri. Mnacheka, mnayajua. Andiko moja la kuku wa nyama linazunguka wilaya nzima, linabadilishwa jina la kikundi na kiasi cha fedha, mnalipa, mnapigiwa muhuri. Kamati inapokea maombi manane, yote yanasema soko lipo "kutokana na ongezeko la watu mijini", na kwenye ukurasa wa nne jina la kikundi cha Korogwe limesahaulika. Simlaumu kijana, yeye anauza huduma ya kuchapa. Mpeni achape. Hesabu fanyeni wenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari la kikundi, mkiwa mmekaa wote. Siku afisa atakapokuja kuwatembelea, atamuuliza mwanachama yeyote, si lazima katibu.

Tuje kwenye ruzuku. Ruzuku hairudishwi, kwa hiyo swali lake haliwezi kuwa lile la mkopo. Chukueni mfuko wa Serikali ya Japani wa miradi midogo ya jamii unaopitia ubalozini, ule ambao Wajapani wenyewe wanauita Kusanone. Ulianzishwa mwaka 1989, na kwa miaka mingi kikomo chake cha kawaida kilikuwa yeni milioni 10 kwa mradi. Unajenga madarasa, vyoo, zahanati, visima, unanunua vifaa. Mishahara haulipi. Posho za ofisi na bili ya umeme ya kila mwezi haulipi. Sasa mtu anayekujengea kitu na kukataa kulipia uendeshaji wake anakuuliza nini? Anakuuliza: tukishaondoka, nani atakitunza? Andiko la kisima linalotumia kurasa saba kueleza kiu ya kijiji na mistari miwili kueleza nani atanunua pampu mpya ikifa, halikujibu. Kiu ameshaiamini, ndiyo maana akaweka mfuko. Mwonyeshe kamati ya maji, mwonyeshe ndoo moja inachangiwa shilingi ngapi, fedha zinatunzwa wapi, fundi anatoka wapi. Na kwa kuwa fedha hii inanunua vitu, atataka nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti. Watatu tofauti, si duka moja lenye mihuri mitatu. Hiyo nayo tumeiona.

Umoja wa Ulaya una mtindo mwingine. Mara nyingi maombi yao yana hatua mbili. Kwanza unapeleka muhtasari wa wazo, kurasa chache zenye kikomo, na ukipita ndipo unaitwa kupeleka andiko kamili. Watu wanapoteza hapa kwa haraka ya kumaliza maneno yote mlango wa kwanza: historia ya asasi tangu kuasisiwa, picha za viongozi, shughuli zote za miaka mitatu kwa mwezi. Muhtasari wa wazo unauliza jambo jembamba: je, tatizo hili ndilo tulilolitangaza, na njia yenu inaeleweka? Na hawa Wazungu wana jambo moja zuri ambalo hatulitumii. Ndani ya mwongozo wa waombaji, kule nyuma ambako wengi hatufiki, wamechapisha jedwali lenyewe la kutolea alama. Muhtasari wa wazo una alama 50, na ukipata chini ya 30 safari imeishia hapo. Wameandika kila kipengele kina alama ngapi. Yaani mtihani umetolewa pamoja na karatasi ya kusahihishia, na bado watu tunafeli. Mimi ningekuwa katibu wa asasi, jedwali hilo ningelibandika ukutani kabla ya kuandika sentensi moja, na kipengele chenye alama 5 nisingekipa ukurasa mzima.

Ndiyo maana nasema kusoma. Na kusoma kwenyewe kuna namna. Mara ya kwanza unapopata tangazo, lisome ukitafuta sababu ya kutokuomba. Najua mnashangaa, tumezoea kutafuta sababu ya kuomba. Tafuta: wanataka asasi yenye miaka mingapi ya usajili? Wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mingapi? Kiasi cha chini cha ruzuku ni kipi? Hapa pana mtego, maana kuna mifuko ambayo kiwango chake cha chini kabisa ni mara kumi ya fedha zote ambazo asasi yenu imewahi kuzishika. Hawatakupa, na wana haki. Wanataka mchango wako asilimia ngapi? Mikoa ipi? Ukipata sababu moja ya kutokuomba, weka tangazo pembeni, kalale, umejiokolea wiki tatu na fedha ya bando. Ukiikosa, sasa soma mara ya pili na kalamu, upigie mstari kila neno linalosema lazima.

Saa ya mwisho nayo isome. Tangazo la Brussels huandikwa kwa saa za Brussels. Wakisema saa kumi jioni kwao, kwetu ni saa kumi na moja majira yao ya joto, na saa kumi na mbili majira yao ya baridi, hivyo hao wanatuongezea muda. Tokyo ni kinyume: saa kumi na moja jioni ya Tokyo, hapa Tanga ni saa tano asubuhi, na wewe bado unatafuta mtu wa kuskani.

Sasa nifike kwenye kile mnachokiogopa: jedwali la mantiki, lile la kupangia mradi, ambalo wengi mnaliita logifremu. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu naona linawanyima watu usingizi bila sababu.

Jedwali hili lilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, na kampuni ya ushauri iliyokuwa ikiitwa Fry Consultants. Shida iliyowapata ilikuwa ya kawaida kabisa. Miradi ilikuwa na mipango isiyoeleweka inakwenda wapi, meneja hajui analaumiwa kwa lipi, na siku ya tathmini kila mtu ana maoni yake kama mradi umefaulu au la. Wakatafuta karatasi moja ya kumaliza ubishi huo. Wajerumani wakalichukua miaka ya 1980, wakaliongezea vikao vya wadau na kadi za rangi ukutani, na zile kadi mnazogawiwa kwenye warsha mpaka leo zina undugu na mambo hayo. Kwa hiyo jedwali halikuundwa ili kumtesa mtu wa Mkinga. Linauliza: tutajuaje kama mmefanikiwa, na ni kitu gani kiko nje ya mikono yenu?

Tulijaze pamoja. Chukueni kina mama wa mwani wa pwani ya Mkinga. Wanalima kwenye maji mafupi, kamba zimefungwa kwenye vigingi, mbegu zimefungwa kwa tai-tai, yaani vikamba vyembamba, na mwani ukivunwa unaanikwa. Aina za mwani ni mbili: kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini maji yakipata joto sana inaoza, mkulima anatoka na kamba tupu. Kikundi kinataka kuhamisha kamba za kotonii kwenye kina kirefu zaidi kwa kutumia maboya, na kuanika kwenye chanja badala ya mchangani.

Mstari wa chini kabisa wa jedwali ni shughuli: kununua kamba na maboya, kufundishana kufunga, kujenga chanja. Hapo kila mtu anaweza. Mstari wa juu yake ni kile kitakachokuwepo shughuli zikiisha: kamba kadhaa za kotonii ziko kwenye maji yenye kina, chanja kadhaa zimesimama. Juu yake tena ni badiliko lenyewe: kina mama wanauza kotonii mkavu, safi, kwa bei ya daraja la juu. Na juu kabisa ni lile jambo kubwa ambalo mradi wenu unachangia tu, kipato cha kaya za pwani. Tazameni ngazi hiyo ilivyo. Mistari mnayowajibika nayo kikamilifu ni ile miwili ya chini. Badiliko mnalifanyia kazi lakini mnunuzi naye ana sauti. Lile la juu kabisa hamliwezi peke yenu, na hakuna anayetarajia mliweze. Nimesoma andiko la kikundi cha watu wachache lililoahidi kutokomeza umaskini mkoani. Msomaji akifika hapo anaanza kutilia shaka hata bei ya misumari.

Halafu viashiria. "Kina mama 40 wamefundishwa" ni kiashiria cha shughuli, kinathibitishwa na karatasi ya mahudhurio, na kila mmoja hapa anajua karatasi ya mahudhurio inavyoweza kujazwa. Kiashiria cha badiliko ni kilo za kotonii mkavu ambazo mnunuzi amezipokea bila kuzikataa kwa sababu ya mchanga. Uthibitisho wake ni daftari la mnunuzi au stakabadhi zake. Mnaona tofauti? Cha kwanza kinahesabu watu waliokunywa soda. Cha pili hakiwezi kuwepo kama mradi haukufanya kazi. Na ili kiwe na maana, lazima mseme leo mnauza kilo ngapi, kabla hamjapewa senti. Asasi nyingi zinaruka hapo, kisha mwaka wa pili zinahangaika kukumbuka hali ilikuwaje mwanzoni.

Safu ya nne, ya mwisho kulia, ni mambo mnayoyategemea yawe sawa. Karibu kila andiko linajaza hivi: "Hali ya hewa itakuwa nzuri na viongozi watatoa ushirikiano." Hiyo ni dua. Safu ile inataka mseme: tunategemea joto la maji kwenye kina kile lisifike kiwango cha kuozesha kotonii, tunategemea mnunuzi aendelee kutofautisha bei ya kotonii na spinosamu. Halafu mseme mmefanya nini kuhusu hilo. Mmepima joto? Mmezungumza na mnunuzi, amewaandikia barua? Kama jambo mnalolitegemea lina uwezekano mkubwa wa kwenda mrama, msilifiche. Mfadhili mwenye akili anampenda mtu aliyeiona hatari kabla yake.

Bajeti nitaipitia haraka, kwa kuwa kesho mna siku nzima ya bajeti na mhasibu, naye anaijua kuliko mimi. Niseme tu kwamba mchambuzi mzoefu huanza na bajeti, anasoma andiko baadaye. Kila mstari wa fedha lazima uwe na mahali pa kuonekana kwenye shughuli, na kila shughuli iwe na mstari wake. Bajeti ya mwani ikiwa na semina nne na maboya machache, tumeshajua mradi ni wa nani. Gharama za jumla za ofisi zina kikomo kinachoandikwa kwenye tangazo. Kwa ruzuku nyingi za Umoja wa Ulaya ni asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, na ukiandika 12 hakuna wa kukupigia simu kukuuliza ulimaanisha nini.

Jambo moja la uzito kabla sijaacha ruzuku. Andiko lenu mkishinda haliendi kabatini. Kwenye mkataba wa ruzuku wa Umoja wa Ulaya, maelezo ya mradi mliyoyaandika wenyewe yanakuwa kiambatisho cha kwanza cha mkataba. Zile ahadi zilizowekwa usiku wa manane ili andiko lipendeze, sasa ni masharti, na mkaguzi atakuja ameyashika mkononi. Mliandika vijana 300, akikuta 120 atataka maelezo, na anaweza kukata fedha. Wakati wa kuandika, awepo mtu mmoja kwenye kikundi ambaye kazi yake ni kuuliza "hili tutaliweza kweli?" Muwe wavumilivu naye, atakera.

Nigeukie zabuni, maana vijana wengi mliopo mmesajili majina ya biashara BRELA na mnataka kuuza kwa Serikali. Vizuri. Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, imewatengea makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma, na maombi yote sasa yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Lakini zabuni haina habari na ndoto yako. Inauliza: unaweza kuleta kitu hiki, kwa vipimo hivi, tarehe hii, na kwa bei gani? Fundi seremala mmoja alitakiwa kuleta meza za mninga za vipimo vilivyotajwa. Akaona mkongo ni mbao bora zaidi, akaandika meza za mkongo, tena ndefu kidogo, kwa bei ileile. Alidhani anampendelea mnunuzi. Akatolewa. Kamati ya tathmini haina ruhusa ya kupokea ubora ambao haukuombwa, kwa sababu washindani wake wote walipiga hesabu ya mninga.

Na humo ndani ya ununuzi nyaraka hazilingani. Mwito wa kuonesha nia unataka kujua wewe ni nani na umewahi kufanya nini. Bei haijaulizwa, usiipeleke. Nukuu ya bei ni kinyume, hapo vitu vimeshapimwa na kinachotafutwa ni bei. Ukialikwa kutoa huduma ya ushauri, utapewa hadidu za rejea na utatakiwa kuleta mapendekezo mawili, la kiufundi peke yake na la fedha peke yake. La kiufundi linapewa alama kwanza, la fedha bado limefungwa. Bei yako ikichungulia ndani ya la kiufundi, hata kwenye mfano mdogo, umejitoa mwenyewe. Vijana wenye shahada wameangukia hapo.

Viambatisho sasa. Katiba ya kikundi inasema "Kikundi cha Wanawake", akaunti ya benki inasema "Women Group", barua ya mtendaji ina jina la tatu. Kwenu ni kikundi kilekile. Kwenye faili ni vikundi vitatu, na kimoja tu kimeomba. Rekebisheni majina kabla ya msimu wa maombi, maana benki ina foleni yake na msajili ana yake. Wazazi wenye watoto wanaokwenda vyuo vikuu, hili ni lenu pia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Mtaa mzima unajua mtoto huyu ni yatima, mjumbe anajua, shehe anajua. Bodi inauliza uhitaji unaothibitika kwa karatasi. Kuna watoto wanaokosa mkopo wakati baba amelala makaburini kwa miaka kumi na hakuna aliyekwenda kuchukua cheti. Mkirudi nyumbani jioni hii, fungueni lile sanduku la vyeti mtazame.

Niseme na hali ya sasa, nisije nikawapa matumaini ya mwaka mwingine. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mosi mwaka huohuo USAID ikaacha kuendesha misaada hiyo, kilichosalia kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao. Asasi nyingi zilizokuwa zikiitegemea sasa zinaomba kule mnakoomba nyinyi, na zina waandishi wa kulipwa. Mtu atawaambia dawa ni kuajiri mwandishi. Mimi siamini hivyo. Mwandishi wa kulipwa hajui kotonii inaoza mwezi gani, nyinyi mnajua. Mkishinda mtashinda kwa kujua mambo ambayo yeye inabidi aje awaulize.

Na penye ukame wa fedha matapeli wanaongezeka. Ukipata tangazo la "ruzuku kwa vikundi" kwenye WhatsApp linalotaka utume ada ya fomu kwa namba ya simu, lifute. Ukiwa na shaka, nenda kwenye tovuti ya taasisi yenyewe ukalitafute huko, au uende ofisini. Tangazo la kweli litakuwa na mahali pa kulikuta zaidi ya simu ya shemeji.

Mwisho, kukataliwa. Barua ya kukataliwa mnaichana, naelewa. Ila ndani yake mna haki. Wafadhili wengi ukiwaandikia kwa adabu watakueleza ulipata alama ngapi na wapi ulianguka. Kwenye ununuzi wa umma si hisani, ni sheria: mnunuzi anatakiwa awape washindani wote taarifa ya kusudio la kumpa mtu fulani mkataba kabla hajausaini, na kueleza kwa nini wengine hawakuchaguliwa. Usiporidhika, unalalamika ndani ya siku zilizowekwa, na siku zenyewe ni chache, hivyo taarifa ile isomwe siku ileile inapoingia.

Kazi tutakayoifanya kabla ya chakula ni hii. Mezani pana matangazo manne: moja la mkopo, moja la ruzuku, moja la mwito wa kuonesha nia, na moja la utapeli. Kaeni watu watano watano, mchanganyike, msikae na wa kikundi chenu. Andikeni sentensi moja tu kwa kila tangazo: linauliza nini? Simu wekeni kimya. Maswali nitayapokea mkiwa mnasoma, nitapita meza kwa meza, na naona mama wa kabrasha la kijani ameshanyoosha mkono, basi nianze na wewe.